Imam Nawawi na Saa za Alfajiri



 



Ramadhan ina maajabu yake. Yule kijana ambaye mwezi wa Rajab mama yake alimgongea mlango mpaka mkono ukamuuma, leo saa kumi za usiku yuko macho, amekaa kitako mkekani, anauliza mbona chai imechelewa. Hakumwagiwa maji, hakuvutwa shuka. Ameamka mwenyewe, kwa sababu anajua asipoamka atashinda na njaa mpaka magharibi. Kumbe kuamka tunaweza!

Sasa tazama yanayofuata. Wengine wetu tukishakula daku tunaswali Alfajiri macho nusu, halafu tunarudi kitandani mpaka saa tano. Wengine hatulali kabisa. Tukitoka tarawehe ni baraza, karata, mpira na simu mpaka wakati wa daku, kisha usingizi unatubeba dakika chache kabla ya adhana, na swala ya faradhi inatupita huku tumbo limejaa. Na mwezi wa Shawwal ukiandama tu, basi, kila mtu anarudi alikokuwa.

Siwasemi wengine. Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu, mbali na nyumbani na mbali na mama wa kunigongea mlango, niliswali Alfajiri jua limeshatoka siku nyingi kuliko ninavyopenda kuandika hapa. Na mimi ni mtoto wa madrasa. Dua ya kuamka naijua kwa moyo tangu nikiwa mdogo, lakini kuijua dua ya kuamka ni jambo moja na kuamka kwenyewe ni jambo jingine. Ndiyo sababu nilipoambiwa niandike maisha ya mwanachuoni mmoja kwa toleo hili, sikutafuta sana. Nimemchagua Imam Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

MTOTO ALIYEMWAMSHA BABA YAKE

Jina lake ni Yahya bin Sharaf. Watu walimpa lakabu ya Muhyiddin, yaani mwenye kuihuisha dini, naye hakuipenda hata kidogo. Alizaliwa mwezi wa Muharram mwaka 631 Hijria, sawa na Oktoba 1233, katika mji mdogo wa Nawa, eneo la Hauran, kusini mwa Damascus katika nchi ya Sham. Nawawi maana yake ni mtu wa Nawa. Ni mji huo huo ambao kaburi lake liliharibiwa kwa mlipuko mwaka 2015 wakati wa vita vya Syria.

Sisi watu wa Pwani, kwa vile tumekulia katika madhehebu ya Imam Shafi, tunaishi na vitabu vya mtu huyu bila hata kujua. Arbaini tulihifadhishwa madrasa. Riyadhus Swalihin inasomwa msikitini. Ukiuliza suala la fiqhi, sheikh anafungua Minhaj au sherehe yake moja. Nyiradi za asubuhi na jioni utazikuta zimekusanywa katika kitabu chake cha Adhkar. Lakini ukimuuliza kijana, huyu Nawawi aliishi vipi, atakwambia alikuwa mwanachuoni mkubwa, na hapo maneno yameisha.

Baba yake, Mzee Sharaf, alikuwa mtu wa duka, mchaji Mungu, hakuwa mwanachuoni. Yeye ndiye aliyesimulia kwamba Yahya alipokuwa na miaka saba alikuwa amelala ubavuni mwake usiku wa mwezi ishirini na saba Ramadhan. Ikafika karibu na usiku wa manane, mtoto akaamka, akamwamsha baba yake, akamuuliza ni nuru gani hii iliyoijaza nyumba. Watu wote wa nyumba wakaamka. Hawakuona kitu. Mzee Sharaf akafahamu kwamba huo ulikuwa Lailatul Qadr.

Habari hii masheikh huisimulia kwa sababu ya ile nuru, na ni haki yao. Mimi kila nikiisoma namfikiria zaidi yule mzee. Mtoto wa miaka saba anamtikisa baba yake usiku wa manane akisema anaona kitu ambacho hakionekani. Ni wangapi katika sisi wangemwambia lala wewe, unaota? Baba huyu alimsikiliza, akaelewa kitu, na miaka mingi baadaye bado alikuwa akikisimulia. Wazazi mnaosoma ukurasa huu, mtoto akiamka daku kabla umri wa kufunga haujamfikia, msimrudishe kitandani kwa ukali. Mpeni hata tende moja akae na watu.

Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, alipita Nawa sheikh mmoja mcha Mungu kwa jina Yasin bin Yusuf, mtu wa asili ya Marrakesh. Akaona watoto wanamlazimisha Yahya kucheza, naye anawakimbia akilia, na huku anasoma Qur'an. Mapenzi ya mtoto yule yakamwingia moyoni. Akaenda kwa mwalimu wa Qur'an wa Yahya akamuusia sana, akimwambia kuwa mtoto huyu anatarajiwa kuwa mjuzi na mwenye zuhdi kuliko watu wa zama zake. Mwalimu akamuuliza kama yeye ni mnajimu. Sheikh akajibu kuwa si mnajimu, ila Mungu ndiye aliyemtamkisha. Habari zikamfikia baba. Baba alikuwa ameshamweka mtoto dukani, lakini kuuza na kununua hakukumshughulisha na Qur'an, na alipokaribia kubaleghe alikuwa ameihitimu.

DAMASCUS, NA MASOMO KUMI NA MAWILI

Mwaka 649 Hijria, yaani karibu na 1251, Mzee Sharaf alimpeleka mwanawe Damascus. Yahya alikuwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, umri ule ule ambao wengi wetu tunaingia chuo. Akapewa makao katika Madrasa Rawahiyya, na riziki yake ikawa mkate uliokuwa ukigawiwa wanafunzi hapo. Hiyo ndiyo iliyokuwa hosteli yake.

Katika muda wa miezi minne na nusu alihifadhi kitabu cha Tanbih cha Abu Ishaq Shirazi, na katika miezi iliyobaki ya mwaka huo akahifadhi robo ya Muhadhdhab. Waliowahi kuiona Muhadhdhab wanajua hiyo robo ni mzigo wa namna gani. Kisha ikaja ratiba ambayo mwanafunzi wake, Alauddin Ibn al-Attar, aliisimulia katika kitabu alichoandika juu ya maisha ya mwalimu wake. Kila siku Nawawi alikuwa akisoma kwa masheikh zake darasa kumi na mbili, pamoja na sherehe na kusahihisha. Kulikuwa na darasa mbili za Wasit ya Imam Ghazali, Muhadhdhab, Sahih Muslim, nahau, sarfa, lugha, usuli ya fiqhi, majina ya wapokezi wa hadith, usuli ya dini na mengine. Na hakuwa anakaa tu kusikiliza. Kila palipokuwa pagumu alipaandikia maelezo pembeni, kila ibara ngumu aliifafanua, kila neno lililohitaji irabu alilitia irabu.

Sisi kampasi tukiwa na vipindi vitatu kwa siku tunasema leo imekuwa siku ndefu.

Ukikaa ukapiga hesabu utaona kwamba mtu mwenye darasa kumi na mbili mchana, na swala tano katikati, hana saa ya kuhifadhi ila usiku na alfajiri. Na ndivyo alivyokuja kuandika mwenyewe miaka ya baadaye, katika utangulizi wa Majmu', sherehe yake kubwa ya ile Muhadhdhab. Mle ana mlango mrefu juu ya adabu za mwanafunzi. Amenukuu kutoka kwa Khatib al-Baghdadi kwamba wakati bora kabisa wa kuhifadhi ni wakati wa sahari, ule wa kabla ya alfajiri ambao sisi tunaujua kwa daku. Na amemuusia mwanafunzi amsomee sheikh wake mwanzo wa mchana, kwa sababu ya ile hadith ambayo Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika saa za mapema.

Hadith hiyo ameitia pia katika Riyadhus Swalihin, kwenye mlango wa safari. Aliyeipokea ni swahaba Sakhr al-Ghamidi, mfanyabiashara, aliyekuwa akituma bidhaa zake mwanzo wa mchana na akatajirika, mali ikawa nyingi. Kwa hivyo msidhani alfajiri ni ya wanachuoni peke yao. Nenda soko la Kongowea alfajiri uone kina mama wa mboga wameshaamka zamani, wewe na mimi bado tunageuza ubavu.

Lipo jambo moja katika ujana wake ambalo watu hulipita haraka. Siku moja ilimjia fikra ya kusoma utabibu. Akanunua Qanun ya Ibn Sina, akaazimia kuisoma. Moyo wake ukaingia giza. Siku kadhaa akabaki hawezi kushughulika na chochote. Akajiuliza hali hii imeingilia wapi, na akatambua kuwa ilianza na kile kitabu. Akakiuza, akakitoa chumbani mwake na vyote vilivyohusiana nacho, moyo ukarudi. Wenzangu wa udaktari msinielewe vibaya, yeye mwenyewe katika huo utangulizi wa Majmu' ameuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kifaya. Tatizo halikuwa utabibu. Tatizo ni kwamba aliyekuwa ameamkia darasa kumi na mbili kila siku alijiongezea kitu ambacho hakuwa amekijia Damascus, na mara asubuhi zake zikakosa ladha.

TANGO

Alikula mlo mmoja tu kwa siku, baada ya Isha. Alikunywa maji mara moja tu, wakati wa sahari. Matunda ya Damascus, mji uliozungukwa na mashamba ya miti, hakuyala, kwa kuwa aliona mengi ya mashamba hayo ni wakfu na mali za mayatima, na hakuwa na yakini kama yanaendeshwa kwa haki. Hiyo ni wara', na ni somo jingine kubwa.

Ninachotaka kukisimulia ni habari ya tango. Mtu mmoja alimmenyea tango amkaribishe. Nawawi akakataa kula, akaeleza kuwa anachelea litaulowesha mwili wake na kumletea usingizi.

Tango, jamani! Na sisi futari yetu inaanza kwa viazi karai na bajia, ikapita kwenye mahamri na mbaazi, ikatua kwenye biriani baada ya tarawehe, na soda ya baridi juu yake. Halafu tunashangaa kwa nini rakaa ya nane ni nzito na kwa nini simu imelia mara sita bila kusikika. Sisemi mtu aache tango. Nasema yeye alikuwa anajua kila kinachoingia tumboni jioni kinamfanya nini alfajiri, na sisi hatujiulizi kabisa.

Kuhusu usingizi wake, imepokewa kuwa alisimulia mwenyewe alipoulizwa na Qadhi Badruddin Ibn Jama'a. Usingizi ukimzidi alikuwa akiegemea vitabu vyake kidogo, kisha anazinduka. Na imesimuliwa kuwa alikaa karibu miaka miwili hakuuweka ubavu wake chini.

Hapa lazima nisimame, maana najua kijana atakayesoma mstari huu akafunga gazeti na kusema kuanzia leo silali tena. Mimi nilifanya hivyo. Nilisoma habari za miaka miwili, nikaweka nia ya kuamka saa tisa kila usiku, niswali, nihifadhi, nisome na vitabu vya chuo. Nilidumu siku nne. Siku ya tano nilipitwa na Alfajiri na mtihani mdogo wa saa mbili asubuhi, vyote pamoja.

ALICHOTUANDIKIA SISI

Kilichonishangaza baadaye ni kwamba mtu huyu aliyejibana namna ile, alipoketi kuwaandikia watu wengine, hakuwaandikia miaka yake miwili. Katika zile adabu za mwanafunzi amesema awe na pupa ya elimu usiku na mchana, lakini asijitwike asichokiweza, asije akachoka akachukia, na akaongeza kwamba jambo hili linatofautiana kati ya mtu na mtu. Yeye alijua kipimo chake. Alitaka na wewe ujue chako.

Fungua Riyadhus Swalihin uone, kitabu alichokimaliza Damascus mwezi kama huu, Ramadhan ya mwaka 670 Hijria, yaani 1272. Mapema kabisa ameweka mlango wa kufanya ibada kwa wastani, na mara baada yake mlango wa kudumu na matendo. Imo humo habari ya Abdullah bin Amr, ambaye Mtume (s.a.w.) alimkataza asiwe kama fulani aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha. Na imo nyingine ambayo natamani ningeisoma katika ule mwaka wangu wa kwanza. Mtu akipitwa na usingizi akakosa uradi wake wa usiku, kisha akausoma baina ya swala ya Alfajiri na swala ya Adhuhuri, anaandikiwa kana kwamba ameusoma usiku. Subhanallah. Yaani mlango haufungwi saa ile uliyopitiwa. Shetani anataka uamini kwamba ukishachelewa siku imeharibika, basi lala mpaka mchana. Na Mtume (s.a.w.) anakupa mpaka Adhuhuri.

Mbele kidogo, katika mlango wa kisimamo cha usiku, imo ile hadith maarufu ya mafundo matatu ambayo shetani humfunga mtu kisogoni akilala. La kwanza hufunguka akimtaja Mungu, la pili akitawadha, la tatu akiswali, naye huamka mchangamfu na nafsi yake ni njema. Asipofanya hivyo huamka na nafsi mbaya, mvivu. Kila mtu aliyewahi kuamka saa tano anaijua hiyo nafsi mbaya. Kichwa kizito, mdomo mchungu, hutaki kusemeshwa, na hujui umchukie nani.

Halafu kuna mlango ambao vijana wa baraza tunaupita haraka sana, ule wa kuchukiza mazungumzo baada ya Isha. Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuongea baada yake. Nawawi, kwa vile ni faqihi, hakuacha jambo hilo liwe kubwa kuliko lilivyo. Akaeleza kuwa makusudio ni yale mazungumzo ambayo wakati mwingine ni halali tu. Ama kusomeshana elimu, kuzungumza na mgeni, au mwenye haja yake, hayo hayana karaha. Mimi nilipousoma mlango huu nilijua kwamba miezi ile yote nilikuwa napigana na alfajiri, na ugomvi wenyewe haukuwa huko. Ulikuwa saa sita za usiku, mkononi mwangu, na unang'aa.

Na baada ya swala ya Alfajiri? Katika kitabu chake cha Adhkar, alichokimaliza mwaka 667 Hijria, ameandika kuwa wakati mtukufu zaidi wa dhikri katika mchana ni baada ya swala ya Subhi. Na katika Riyadh ameileta habari ya Mtume (s.a.w.) kwamba akishaswali Alfajiri alikuwa akikaa kitako mahali pake mpaka jua litoke vizuri. Hakutaja kazi nyingi. Anakaa. Anamtaja Mola wake. Jua linatoka na yeye yupo.

Nimerudi tena kwenye lile la daku, maana ndiko nilikopata jibu langu. Tunaamka daku kwa sababu kuna kitu kinatungoja. Nawawi alikuwa na darasa inamngoja, na sheikh aliyeketi akitazama mlango. Mimi sikuwa na chochote kilichoningoja ila simu inayolia, na simu huwa unainyamazisha. Basi nikakubaliana na mwenzangu wa chumba cha jirani, tukishaswali tukae pale pale msikitini wa chuo, yeye anisomee ukurasa mmoja wa Qur'an na mimi nimsomee mmoja, kisha mlango mmoja wa Riyadh. Dakika ishirini hivi. Kumwacha mwenzako amekaa peke yake kwenye mkeka ni aibu kubwa kuliko kuinyamazisha simu. Siku ambazo sisi sote tumepitiwa, tunasoma kabla ya Adhuhuri. Darasa kumi na mbili sijafika, na sidhani kama nitafika.

MTU ASIYENUNULIKA

Mwaka 665 Hijria, yaani 1267, baada ya kufariki Abu Shama, Nawawi alikabidhiwa usheikh wa Darul Hadith Ashrafiyya, mahali pakubwa pa hadith mjini Damascus. Alikuwa na miaka thelathini na kitu tu. Mshahara wa pale hakuuchukua. Chakula chake kilikuwa kile kilichotoka kwa wazazi wake Nawa, na nguo zake zilikuwa za mtu wa kawaida kabisa. Hakuoa. Zama zake hazikuwa za raha, maana Wamongoli waliiteka Baghdad mwaka 1258 na Damascus yenyewe mwaka 1260, kabla ya kushindwa Ain Jalut mwaka huo huo. Baada ya hapo watawala wakataka fedha za vita, na raia wakabanwa.

Sultani Baybars, simba wa vita ambaye maamiri walimtetemekea, alitaka kuyachukua mashamba ya watu wa Damascus. Nawawi alimwandikia barua akimkumbusha haki ya raia na hisabu ya Akhera. Sultani akakasirika, akajibu kwa ukali. Nawawi akaandika tena, akaeleza kuwa vitisho havimdhuru na havitamzuia kunasihi. Ukifikiri utaona Sultani hakuwa na cha kumnyang'anya. Mtu anayekula mkate wa mama yake mara moja kwa siku utamkatia mshahara gani?

Na katika miaka hiyo hiyo ndipo alipoandika. Sherehe ya Sahih Muslim, Rawdha, Minhaj, Tibyan, Adhkar, Riyadh, Arbaini, Majmu' ambayo hakuimaliza. Alipokufa alikuwa na miaka arobaini na mitano kwa hesabu ya Hijria. Wapo watu wamefika umri huo bado wanajipanga.

Aliandika pia mengi ambayo hatutayaona. Ibn al-Attar amesimulia kwamba mwalimu wake alimwamuru aoshe karatasi nyingi alizoziandika kwa mkono wake, wino utoke, akamtisha asipofanya hivyo. Mwanafunzi akatii, na majuto yakabaki moyoni mwake.

Mwaka 676 Hijria Nawawi alianza kujifungasha kama mtu anayejua safari yake. Vitabu vya wakfu alivyoazima alivirudisha vyote. Akayazuru makaburi ya masheikh zake, akawasomea na kuwaombea, akalia. Akawaaga marafiki. Akaenda kuzuru Baitul Maqdis na Al-Khalil, kisha akarudi Nawa, nyumbani kwa baba yake, katika mji ule ule alikomwamsha mzee wake usiku wa Ramadhan. Hapo akaugua.

Alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, mwezi 24 Rajab, sawa na Desemba 1277, katika theluthi ya mwisho ya usiku. Wakamzika Nawa asubuhi ile ile. Habari zilipofika Damascus mji ulihuzunika, na Qadhi Izzuddin Ibn as-Saigh akasafiri na jamaa zake mpaka Nawa kwenda kumswalia kaburini.